Siku Nilipomwamkia Mzee Rajabu

Wanangu wa kliniki ya uvimbe, mmeniaga vizuri na nashukuru. Mmenipa saa ya ukutani, mimi ambaye sasa sina pa kuwahi, na kitenge ambacho nina hakika kilichaguliwa na mwanamume. Kisha mkanitumia ujumbe kwenye simu mkiniomba niwaandikie "uzoefu wangu kuhusu vigezo vya kutabiri mwenendo wa limfoma iliyobadilika". Nilivua miwani, nikaifuta, nikausoma tena, nao ulikuwa vilevile.

Vigezo vyenyewe mnavyo. Dokta Salome aliviandika kwenye ubao wa chumba cha kufungia vidonda, na mpaka leo havijafutika kwa sababu kalamu aliyotumia haikuwa ya ubao. Mkitaka kuvijua, inueni macho. Mimi nitawaandikia kuhusu neno moja na mgonjwa mmoja, na katikati nitawaingizia mambo mengine, maana nimestaafu na hakuna wa kuniambia muda umekwisha.

Nilianza kazi nikiwa na viatu vyeupe vilivyonibana na imani kwamba wagonjwa wote hupona. Viatu vililegea kwanza. Jambo la pili lililonisumbua ni kuitwa Sista. Kwingine Sista ni muuguzi, basi. Hapa Songea masista wa kweli ni wengi, kwa hiyo wazee wa vijijini wakisikia "Sista Gaudensia" walikuwa wanavua kofia. Mmoja aliniomba nimwombee kwa Mama Maria kwa kuwa mimi niko karibu naye zaidi. Nilimwambia nitamwombea, lakini ajue nina watoto wanne na mume anayekoroma.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Haule, muuguzi mkongwe, mnene, mwenye maneno machache na mikono ya baridi. Kabla ya kumshika mgonjwa alikuwa anaweka vidole kwapani mwake kwanza vipate moto. Wageni walidhani anajikuna. Alinifundisha kupapasa tezi: shingo, kwapa, kinena, kwa vidole vilivyolala, bila kubonyeza kama anayechagua parachichi sokoni. Na alikuwa na kopo la maziwa ya unga ambalo ndani yake hakukuwa na maziwa. Kulikuwa na kunde, maharage, mahindi na korosho.

"Ikiwa kama kunde," alisema, "muulize kama ana kidonda mguuni. Ikiwa kama haragwe, mwambie arudi. Ikiwa kama korosho, mpeleke kwa daktari. Ikifika kiazi, usimuulize kwa nini alichelewa. Anajua mwenyewe, na ana aibu."

Baadaye mradi fulani ulituletea vifaa vya plastiki vya kupimia uvimbe, vizuri sana, vyenye nembo. Vikapotea vyote kabla hatujajua vinashikwaje. Tukanunua futi ya fundi cherehani, lakini kopo la Mama Haule tuliendelea nalo, kwa sababu mkulima ukimwambia sentimita anaitikia kwa heshima tu, ila ukimwambia korosho anaelewa.

Sasa niwaeleze limfoma, kwa ajili ya wale mlioletwa kliniki jana na bado mnatafuta choo kilipo. Ni saratani ya tezi zilezile zinazovimba mtu akiwa na kidonda. Ziko aina nyingi, lakini mbele ya mgonjwa tulizigawa mbili: pole na kali. Ile pole inakaa mwilini miaka, haina haraka, na mara nyingine tunaiacha bila dawa, tunaiangalia tu. Ile kali inakimbia, nayo inapigwa kwa dawa nzito. Tabu ni kwamba ile pole siku moja inaweza kuwa kali, ndani ya mtu yuleyule, na kwa nje unaweza kuona shingo ileile tu.

Mzee Rajabu alikuja kutoka Nalasi, huko Tunduru, ana tezi za haragwe shingoni na kofia safi ya kufuma. Mkulima wa korosho, umri wa mjomba wangu. Tulimkata kipande kidogo, tukakiweka kwenye chupa ya dawa, chupa ikasafiri kwenda kusomwa mbali, na majibu yakarudi baada ya muda ambao sitautaja kwa sababu bado naheshimu ajira yangu ya zamani. Daktari aliyekuwapo wakati huo akamkalisha, akamtazama machoni, akasema, "Mzee, una saratani pole."

"Asante," akasema Mzee Rajabu. "Nimeshapoa." Akainuka kuchukua mfuko wake.

Daktari akabaki ameshika kalamu. Ilibidi mimi nimkalishe tena na kumweleza kwamba hakupewa pole, pole ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Akanitazama vizuri.

"Wewe Sista ni kabila gani?"

"Mngoni. Wa Maposeni."

"Basi nimekwisha," akasema. "Nimeacha mikorosho yangu nikaja kutibiwa na mtani."

Mngoni na Myao kama yeye ni watani, hilo halihitaji semina. Tangu siku hiyo sikumwamkia tena yule mzee. Kila mtu mwenye mvi ninampa shikamoo yake, hata mlevi wa pale kwenye kilabu cha komoni, lakini Mzee Rajabu akitokea mlangoni nilikuwa namuuliza, "Hujafa tu?" Naye anajibu, "Nife kabla sijala ubwabwa wa msiba wako?" Aliniahidi kwamba nikifa atalala mlangoni jeneza langu lisitoke mpaka apewe jogoo. Mimi nikamwahidi kwamba akitangulia yeye nitakaa kwenye shimo lisifukiwe mpaka wanawe waniletee gunia la korosho zilizobanguliwa. Wagonjwa wageni walikuwa wanatushangaa. Mmoja alikwenda kunishitaki kwa mganga mkuu, akaambiwa arudi akakae kwenye foleni.

Tulimpa dawa ya kusubiri. Wanangu, hakuna dawa ngumu kuitoa kama hiyo. Mtu anaondoka Nalasi alfajiri, anapanda pikipiki, anapanda basi, anafika Songea ana vumbi mpaka kwenye nyusi, unampapasa shingo, unampima damu, halafu unamwambia aende nyumbani, arudi baada ya miezi kadhaa, dawa hapewi. Wengine walidhani tunawabania. Mzee Rajabu alisema, "Kusubiri siyo neno. Bei ya korosho nimeisubiri tangu nioe." Akawa anakuja kila tarehe yake, tunapimana maneno, napapasa haragwe zake, anaondoka. Miaka ikapita hivyo, nami nikamzoea kama ndugu. Nikiona tarehe yake imekaribia nilikuwa natafuta matusi mapya tangu Jumapili.

Ndipo akaja Dokta Salome. Kijana, mwembamba, anatembea kama aliyeacha kitu jikoni. Alikuwa daktari mzuri na bado ni mzuri, msinielewe vibaya. Kosa lake pekee lilikuwa ile kalamu. Siku alipotufundisha, aliandika kwenye ubao yale yanayosaidia kukisia mgonjwa atakwendaje pale limfoma pole inapokuwa kali. Je, aliwahi kupewa dawa nzito huko nyuma? Ambaye hajawahi ana nafasi nzuri zaidi, maana ugonjwa haujazizoea. Je, uvimbe uko sehemu moja au umesambaa? Je, kile kipimo cha damu cha LDH kimepanda? Je, mtu bado anatembea, anajilisha, analima? Umri wake? Na ukishampa dawa, uvimbe unaitika au unakaidi?

"Hizi siyo hukumu," alisema. "Ni kama mawingu. Yanakuambia uchukue mwavuli, hayakuambii utakufa na mvua."

Nilimuuliza kwa nini kigezo cha shemeji hakipo.

"Shemeji gani, Mama?"

"Yule anayemjua mganga wa kienyeji."

Alicheka, akaandika chini kabisa: *Shemeji*. Ndiyo maana lipo. Wakaguzi wamelikuta mara kadhaa, na kila mmoja ameinakili orodha nzima bila kuuliza.

Katika miaka hiyohiyo tuliitwa kwenye warsha. Wakubwa kutoka mbali walikuwa wameamua kwamba wahudumu wa afya tunawachanganya wagonjwa kwa maneno, kwa hiyo inatakiwa istilahi moja nchi nzima. Tukakaa kwenye ukumbi wenye maua ya plastiki, kila mtu na chupa yake ya maji, mbele yetu mashine ya kuonyeshea picha iliyoonyesha rangi ya bluu tu tangu asubuhi. Swali la siku ya kwanza lilikuwa hili: limfoma pole ikiwa kali, tumwambieje mgonjwa?

Kundi la kwanza likaleta "kupevuka". Likakataliwa kwa sababu lilifanya uvimbe uonekane umemaliza shule. Kundi la pili likaleta "kugeuka". Hili lilipendwa, mpaka bwana mmoja wa Tunduru aliponyoosha mkono akasema kwamba huko kwao kiumbe kinachogeuka ni mtu anayekuwa simba usiku, na akigeuka anatafutwa kwa mikuki. Ukimwambia mgonjwa shingo yake imegeuka, je, hao wenye mikuki utawazuia wewe? Mwenyekiti akaandika kwamba neno hilo "linaamsha imani potofu". Tukaenda kula wali na kuku. Baada ya chakula hakuna aliyekuwa na nguvu za kupinga, likapita neno "kubadilika". *Uvimbe umebadilika.* Laini, safi, halina simba ndani yake. Tukapiga makofi, na mimi nilipiga, tukapiga picha ya pamoja, na baadaye yakaletwa mabango yenye neno hilo kwa herufi kubwa.

Mzee Rajabu akaja safari moja akiwa amepungua, shati limemzidi. Tezi moja ya shingoni, upande wa kushoto, ilikuwa korosho nzima. Akasema analowa jasho akilala mpaka mkewe anaanika godoro. Sikupenda, nikamwambia Dokta Salome, naye hakupenda. Akakatwa kipande kingine, safari hii tukasukuma majibu yaje haraka, naye akabaki mjini kwa mpwawe akiyangoja. Mimi nikaenda likizo Maposeni kuvuna mahindi, maana mahindi hayajui kwamba kuna mgonjwa.

Niliporudi nilimkuta Dokta Salome amesimama mbele ya ubao wake.

"Mzee Rajabu hajaja kuanza dawa," alisema. "Nilimwambia aje Jumatatu."

"Majibu?"

"Imekuwa kali. Nilimweleza vizuri, Mama, kwa lugha ileile ya mwongozo. Nikamwambia uvimbe wako umebadilika. Alilipokea vizuri mno. Alinishika mkono, akaniombea dua, akasema Mungu anilipe."

Mimi nimewapa watu wengi habari mbaya. Kuna wanaolia, kuna wanaokaa kimya, kuna anayeuliza basi la mwisho linaondoka saa ngapi. Anayekuombea dua ya furaha hajakusikia. Nikatoka nje, nikampigia.

"Mtani," akasema Mzee Rajabu, na nyuma yake nilisikia watu wengi na sufuria. "Harufu haijakufikia huko? Nimerudi Nalasi, nimechinja mbuzi."

"Mbuzi wa nini?"

"Wa shukrani. Uvimbe umebadilika. Daktari wenu kasema mwenyewe. Na mimi nilijua utabadilika tu, nimeusomea dua sana."

Hapo nikaelewa. Hebu fikirini wenyewe. Mlevi akiacha pombe, tunasema amebadilika. Mume akiacha kumpiga mkewe, amebadilika. Sijawahi kusikia mtu anasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba amebadilika, halafu anaeleza kuwa siku hizi anaiba. Ukumbi mzima wa wataalamu, na wali na kuku, hatukuliona hilo.

"Mzee Rajabu, nisikilize," nikasema. "Haukubadilika kuwa mzuri. Umekuwa mkali. Usipokuja upesi utakufa."

Kikaja kicheko. Alikuwa ameiweka simu kwenye spika. "Mnamsikia Mngoni?" akawaambia watu wake. "Kaona wivu wa mbuzi." Wakacheka shughuli nzima. Mzee mmoja akachukua simu akaniuliza kama kwetu Maposeni tumeishiwa panya wa kula mpaka tunatamani mbuzi wa watu.

Nililia kwa hasira. Miaka yote nimemwambia yule mtu kwamba atakufa, kila alipotia mguu kliniki, na sasa namwambia kweli na sina neno lingine la kumwambia. Nilirudia siku iliyofuata. Nikaapa kwa jina la marehemu mama yangu. Akasema Wangoni wanaapa hata wakiiba kuku. Akapiga Dokta Salome mwenyewe, naye akajibiwa kwa upole kabisa, "Binti yangu, najua Sista amekupanga. Mwambie paja lake nimemwekea." Tukamwomba muuguzi wa zahanati ya huko aende kwa miguu yake. Kijana mzuri, anaitwa Komba. Mzee Rajabu alipolisikia jina hilo la Kingoni akasema, "Ahaa, mmejipanga mpaka huku." Komba akakaribishwa pilau, akala, akarudi kutoa taarifa kwamba mgonjwa anaonekana mchangamfu.

Na huku siku zinakwenda. Dokta Salome alikuwa akiutazama ubao wake kama mtu anayetazama maziwa jikoni. "Mama, huyu ana bahati," aliniambia. "Hajawahi kuonja dawa nzito hata moja. Uvimbe ulikuwa shingoni tu. Anatembea. Lakini LDH imepanda na uvimbe unakimbia. Akiendelea kukaa huko, haya mazuri yote yatahamia upande wa pili. Nikimpata sasa nina la kufanya. Nikimpata anabebwa, sina."

Niliingia chumba cha kufungia vidonda, nikafunga mlango. Ilikuwa mchana, na nje watu walikuwa wakigombania foleni kama kawaida. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kwamba lile nililotaka kulifanya halitafanya kazi, na niliogopa zaidi kwamba litafanya. Nikapiga.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Nilisikia redio, na kuku.

"Nani mwenzangu?"

"Gaudensia, baba. Muuguzi wako wa Songea."

"Gaudensia yupi?"

"Wa Maposeni."

"Umesemaje?"

"Nimesema shikamoo."

Nikamsikia anamwambia mkewe, Mama Zuhura, azime redio. Redio ikazimwa. Nilikuwa nimeishika simu kwa mikono miwili.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mzee kweli. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ule uvimbe."

"Ndiyo, baba."

"Na mbuzi nimeshamla."

"Mbuzi si kitu, baba. Njoo."

"Nakuja," akasema. "Kesho niko huko. Ila usiniite baba, Sista. Tafadhali."

Alikuja na Mama Zuhura, amejifunga shali shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Alipoivua, korosho ilikuwa imekuwa kiazi. Sikumuuliza kwa nini alichelewa. Tukamkalisha, Dokta Salome akamweleza upya, bila neno la mwongozo: ulikuwa na ugonjwa mpole, sasa umekuwa mkali, tunataka kuuwahi. Tukamwomba aturudishie kwa maneno yake. Akasema, "Mbwa niliyemfuga miaka yote ameshikwa na kichaa." Dokta Salome akasema hivyohivyo.

"Napona?"

"Sijui," Dokta Salome akajibu. Nilimpenda kwa jibu lile. "Nikisema ndiyo nakudanganya, na nikisema hapana nakudanganya."

Nikaleta kopo la Mama Haule, nikamwaga mbegu mezani. Upande wa kulia nikaweka kunde kwa kila jambo jema: hajawahi kupewa dawa nzito, uvimbe haujasambaa, amekuja kwa miguu yake. Upande wa kushoto nikaweka punje ya hindi kwa kila jambo baya: damu, jasho, kukonda, umri. Mzee Rajabu akazitazama kwa muda mrefu.

"Hizi zinahama?"

"Zinahama. Ndiyo maana tuna haraka."

Akachukua punje moja ya upande wa kushoto, akaitia mdomoni, akaitafuna. Dokta Salome akamuuliza anafanya nini. Akasema anapunguza.

Dawa zilimpiga. Msije mkawaambia wagonjwa kwamba dawa zile ni kama maji ya dafu. Nywele zilikwenda, chakula hakikukaa, vidonda vikamtoka mdomoni. Na mimi, kwa hofu yangu, niliendelea na adabu: shikamoo asubuhi, shikamoo jioni, umeamkaje, unajisikiaje. Siku ya mzunguko wa pili alinishika mkono kabla sijaifungua drip.

"Sista, tangu nimefika hujanitukana."

"Naogopa."

"Ukiogopa wewe, mimi nifanyeje? Kila ukiniamkia naona sanda. Nitukane kidogo nipate nguvu."

Basi nikamwambia kwamba bila nywele anafanana na yai la bata lililokataliwa na mama yake. Alicheka mpaka mrija ukatikisika, na Mama Zuhura, ambaye hakuwa amecheka tangu Nalasi, akalazimika kutoka nje. Jioni ile alikunywa uji kikombe kizima.

Kiazi kikarudi kuwa korosho, korosho ikawa haragwe, mpaka siku nilipopapasa na vidole vyangu vikakosa kitu. Nilirudia mara nyingi kwa sababu sikuviamini. Dokta Salome hakusema amepona. Alisema, "Kwa sasa hatuuoni ugonjwa." Mzee Rajabu akasema na yeye kwa sasa haioni bei ya korosho, lakini ipo mahali. Akapewa tarehe za kurudi, naye anarudi. Ule ubao mkiutazama vizuri, chini ya *Shemeji*, Dokta Salome aliongeza neno *Mtani*, kwa kalamu ileile. Bango la warsha nalo bado liko ukutani upande wa pili, na tafadhali liacheni, linaziba ufa.

Sasa nije kwenye ile sherehe yenu. Mgeni rasmi alisoma hotuba ambayo nadhani iliandikwa kwa ajili ya fundi umeme aliyestaafu kabla yangu, maana alinishukuru kwa kutoiacha hospitali gizani. Nilipokea saa, nilipokea kitenge. Halafu mshereheshaji akauliza kama kuna mgonjwa mwenye neno, na kutoka viti vya nyuma akasimama Mzee Rajabu, kofia safi, mkononi mfuko wa korosho. Sikujua kama amekuja. Haikuwa tarehe yake. Akatembea polepole mpaka mbele, hakuchukua kipaza sauti, akasimama karibu yangu, yule mzee wa umri wa mjomba wangu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Sista," akasema.

Ninyi mlicheka. Mlidhani ni utani. Mimi nikamwona Dokta Salome ameinuka nusu kwenye kiti chake. Macho yangu yalikuwa yamekwenda shingoni kwake, upande wa kushoto, na mkono ukafuata, mbele ya mgeni rasmi na watu wote. Nikapapasa. Hakukuwa na kitu. Nikapapasa tena.

"Kuna nini?" nikamuuliza. "Uvimbe umerudi? Niambie umerudi wapi."

"Hakuna kitu," akasema, taratibu, kwa ajili yangu tu. "Nilitaka na wewe usikie inavyotisha."

Nilimpiga kwa kile kitenge chenu. Nililia pia, mliniona, mkadhani ni uchungu wa kuiacha kazi. Nilipoweza kusema, nikamuuliza kama bado hajafa tu.

"Bado," akasema, akinikabidhi mfuko wa korosho. "Nawatanguliza Wangoni."